Ubeti Uliobaki Mlangoni

Kwanza niliisikia sauti ya mwanaume, nyuma ya pazia la duka, ikiimba wimbo wa bibi yangu.

Nilikuwa nimetumwa chumvi na kibiriti. Jua la Kongwa la saa tano lilikuwa bado limejaa machoni mwangu, na humo ndani sikuona hata mizani iliyokuwa karibu na mkono wangu. Nilisimama gizani nikisikiliza. Sauti ilikuwa ya mtu mzima sana, imekwaruzika, lakini haikukosea mahali popote. Bibi huuimba wimbo ule akipepeta uwele. Beti tatu, kisha ananyamaza, kisha anaanza jambo lingine. Tangu utotoni niliamini kwamba ubeti wa nne ameusahau, na kwamba wimbo wenyewe haujawahi kutoka nje ya ua wetu.

Sauti ile ilizimaliza beti tatu, ikaendelea na wa nne.

Pazia likasogezwa, akatoka mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuwa nikimwona tangu nikiwa mdogo kila nilipokuja likizo, ila sikumbuki kama niliwahi kumwambia zaidi ya kile nilichotumwa kununua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mjukuu wa yule mama wa ngoma."

"Umejuaje?"

"Unasimama kama yeye. Kama mtu aliyekuja kudai."

Akanipimia chumvi, akaniuliza habari za nyumbani kwa Kigogo safi kuliko changu, kisha akasema, huku akifunga mfuko, kwamba duka ameshaliuza. Jumamosi anahamia Dodoma, kwa binti yake, Chang'ombe. "Mwambie bibi yako," alisema, "kabla sijaondoka aje na ubeti wangu. Anajua."

Naishi Chang'ombe mimi pia, katika chumba kimoja chenye meza na vitabu. Wiki ile ile, kabla ya kusafiri, nilikuwa nimesimama mbele ya waandishi wenzangu na kusema kwamba wimbo mmoja unaweza kubomoa ukuta wa rangi kuliko hotuba elfu. Walinipigia makofi. Sasa nilikuwa natembea kwenye vumbi jekundu na chumvi mkononi, nikijiuliza ubeti wa mtu ni kitu gani, na unakuwaje wake.

Bibi alipousikia ujumbe aliuweka ungo chini. Ndipo akanieleza.

"Pale dukani palikuwa na mlango na dirisha. Wazungu waliobaki baada ya yale mashamba ya karanga, na Wahindi wenyewe, wanaingia mlangoni. Sisi dirishani, pembeni, juani. Uhuru ulishakuja, bendera imepanda, lakini lile dirisha halikupata habari."

"Na nyie mkakubali?"

"Tulizoea. Kuzoea ni kubaya kuliko kukubali. Halafu wakaja wale vijana wa kusini, wapigania uhuru, wakakaa kambini hapa. Mmoja akaenda kununua sabuni, akaonyeshwa dirisha. Alirudi kisimani kwetu anacheka, lakini si kicheko. Akasema, kwetu watu wanakufa kwa ajili ya dirisha kama hili, nyie mna ngoma zote hizi, mnasubiri nini?"

Basi wanawake wakabeba ngoma za muheme, zile wanazozibana kati ya magoti, wakaenda kusimama mbele ya mlango. Bibi alikuwa msichana, na yeye ndiye aliyeanzisha:

*Mwenye duka, fungua mlango,*
*dirishani hatununui.*
*Njaa yetu haina rangi,*
*mlango ni mmoja.*

Beti mbili zilizofuata zilikuwa za mashamba na za mvua, kwamba mvua haiulizi hili ni shamba la nani. Wa nne ulimlenga kijana aliyekuwa akihudumia dirishani, mtoto wa mwenye duka:

*Mhindi wewe, toka nje,*
*jua letu halichagui.*
*Likuunguze tukutambue,*
*mlango ni mmoja.*

Kwetu, anayeitwa ndani ya wimbo huingia uwanjani akajibu kwa sauti yake mwenyewe. Asipotokea, ubeti haujaisha. Kijana hakutoka. Waliimba mpaka wakakaukiwa, mlango ukabaki umefungwa. Wiki iliyofuata baba yake alilipigilia mbao lile dirisha, na kuanzia siku hiyo kila mtu akanunua mlangoni.

"Kwa hiyo mlishinda," nilisema.

"Tulipata mlango," alisema Bibi. "Mtu hatukumpata."

Nilimuuliza kama alikuwa akimpenda. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe na vitabu vyako. Mtu akimwita mwenzake, lazima awe anamtaka? Nilimwita kwa sababu alikuwa mle ndani peke yake."

Nilitaka kuandika yote hayo papo hapo, lakini neno moja lilinikwama. Mhindi wewe. Nililisikia jinsi lingelia leo, barabarani, mbele ya vijana wa bodaboda. Nikamwomba Bibi, Jumamosi watakapoenda kumwimbia, alibadilishe. Aseme *ndugu yetu*. Mizani ya mstari ingepungua moja tu.

"Lakini ni Mhindi."

"Ndiyo, Bibi. Ila siku hizi hatusemi hivyo."

"Nani hasemi?"

Nilisema, "Watu."

Akauchukua tena ungo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Ijumaa nilienda dukani kusaidia kufunga mizigo. Binti wa mzee, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, alikuwa amepiga magoti kati ya maboksi, anakata utepe kwa meno. Nilimwambia kuhusu wimbo. Alikuwa akijua.

"Baba ameusubiri maisha yake yote," alisema. "Mimi niliusubiri usije. Unajua nikipita sokoni naitwaje? Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, mama yangu amezikwa hapa. Mtu ananiuzia nyanya kila wiki, na kila wiki ananiita Mhindi. Hakuna ngoma, hakuna ubeti. Neno tu."

"Neno hilo halimo tena, dada. Nimeliondoa."

"Wale wanawake wameahidi?"

"Nimeahidi mimi."

Akanipa upande wa pili wa utepe niushike. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo jema, labda jema kuliko kitabu chochote ambacho ningeandika.

Jumamosi asubuhi mzee alikuwa amenyoa. Alivaa shati jeupe lenye mikunjo ya sandukuni na kukaa juu ya kreti la soda, uso kuelekea mlangoni. Mlango aliuomba ufungwe kama siku ile. Mimi nilikuwa ndani, kwa sababu alisema anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye kizingiti. Binti yake alikuwa nyuma ya kaunta, akifunga boksi lililokwisha kufungwa.

Ngoma zikaanza mbali, kisha zikawa karibu, kisha makopo yaliyobaki rafuni yakaanza kutetemeka. Ubeti wa kwanza. Mzee alifumba macho. Wa pili, wa tatu, midomo yake ikienda pamoja nao. Halafu wa nne:

*Ndugu yetu, toka nje.*

Akafumbua macho. Hakuinuka.

Wakarudia. Nilimgusa bega. "Mzee, wanakuita."

"Wanamwita nani?"

"Wewe."

"Huyo ndugu yao ni nani? Ndugu haitwi atoke nje. Ndugu yuko nje tayari." Aliongea bila hasira, kama mtu aliyeletewa mzigo wa mwenzake. "Mimi nilikuwa hapa, mkono wangu kwenye komeo. Baba hakusema kitu, aliniangalia tu, nikautoa mkono. Aliyeitwa ni yule. Mwingine simjui."

Wakarudia mara ya tatu. Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na sababu nzuri, sababu ambazo watu wangezipigia makofi, lakini kila moja niliyoishika ilinivunjikia mdomoni. Nilimtazama binti yake. Alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu jana, utepe mkononi, na nikaona kwamba kwake yeye hali ilikuwa inakwenda vizuri. Baba angekaa pale, wimbo ungechoka, gari lingekuja.

Ngoma zikanyamaza. Nje nilisikia wanawake wakinong'ona. Kisha sauti moja, ya Bibi, bila ngoma, nyembamba, kavu:

*Mhindi wewe, toka nje.*

Kwenye kona, penye kijiwe cha bodaboda, kicheko kikalipuka. Mtu akalidaka lile neno, akalirudisha kwa kelele, lenyewe tu, bila jua, bila mlango. Mwenzake naye akalirusha. Bibi hakusimama. Aliimba juu yao, *jua letu halichagui*, na nikashindwa kujua masikio yangu niyaelekeze wapi, kwa sababu neno lilikuwa lile lile, limetoka kwenye midomo miwili kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa nimelifuta kana kwamba lilikuwa na mdomo mmoja.

"Uliahidi," alisema binti. Hakupaza sauti.

Nilimgeukia mzee.

Mzee alikuwa ameshasimama, akipapasa mfuko wa shati kana kwamba anatafuta kalamu. "Baba," alisema binti yake, "unawasikia wanavyocheka?"

"Nawasikia."

"Wanakucheka wewe. Na mimi."

"Nawasikia, mama. Na yule mama wa ngoma namsikia." Alisita. Nadhani kama binti angesema neno moja zaidi, angekaa chini tena. Nadhani hivyo, sina hakika. "Ukitaka, njoo."

"Siji."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeukubali uamuzi wa mtu mzima. Nilimpa mkono, hakuushika. Alilivuta komeo mwenyewe, na mwanga ukaingia wote mara moja. Nikaona khanga, vumbi, Bibi akiwa mbele na ngoma yake imening'inia kiunoni, kimya sasa, akisubiri kujibiwa. Nyuma yake vijana wawili juu ya pikipiki, bado wanatabasamu, hawajui wakiache kicheko au wakiendeleze.

Kwenye kizingiti mzee aligeuka. Uso wake ulikuwa na woga wa kijana.

"Nifungie," aliniambia. "Nisije nikarudi."

Akatoka juani. Nyuma yangu binti yake alikuwa akivuta utepe, ule mlio mrefu wa kukwaruza, na kutoka nje nilisikia mzee akivuta pumzi ya kuanza kuimba. Niliusukuma mlango mpaka mbao zikakutana, nikalirudisha komeo kwa mkono wangu mwenyewe, nami nikiwa ndani.