Ulimi wa Nguruwe wa Léontine

Mjane Léontine alikuwa na kibanda cha kupanga, binti mmoja, Zélie, na nguruwe aliyemnenepesha kwa maganda ya viazi. Nguruwe akinunuliwa, kodi inalipwa, Zélie anabaki nyumbani. Asiponunuliwa, Zélie anakwenda utumishi kwa Bwana Roffiac, mzee ambaye wasichana wake wa kazi walirudi makwao na mimba. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilimwamkia kwa heshima. Kichefuchefu!

Kwetu mkoani Limousin nguruwe hauzwi mpaka mpimaji amlaze chini, ampanue mdomo kwa kijiti, auvute ulimi na kutafuta vipele vya tegu, mnyoo anayemhamia mlaji. Kipele kimoja tu, basi, umekwisha.

Asubuhi ya mnada Léontine akamchungulia mwenyewe. Lo, vipele! Akapiga yowe. Jirani yake Anselme, mchonga viatu vya mbao, mjuaji wa kila kitu, akaja mbio.

"Lete sindano, dada. Tunavitumbua, nani atajua?"

"Tukishikwa je?"

"Unamtaka mwanao au humtaki?"

Akaleta.

Mnadani mpimaji, Mzee Gaspard, akamkandamiza nguruwe kwa goti. Nilisimama karibu na Léontine. Alikuwa akiuma ncha ya shali yake. Mzee akaupapasa ulimi polepole, akarudia tena. Kidole kikatoka na damu.

"Mama, nani kamchoma?"

"Kajiuma, mzee wangu."

"Kajiuma kwa sindano? Kumbe nguruwe wako fundi cherehani!"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kuwazaba makofi mmoja mmoja.

"Mzee, nina mtoto," Léontine akasema.

"Na watakaomla wana watoto." Akamkata ncha ya sikio. Nguruwe mwenye alama ile hakuna anayemgusa.

Jumapili Zélie akaenda kwa Roffiac na kifurushi chake.

Nguruwe tukamchinja wenyewe. Anselme akapasua ulimi, paja, bega, hata moyo, akitafuta tegu. Hakuna hata punje. Ndipo Léontine akakumbuka: jioni ya kuamkia mnada, kwa pupa ya kumnenepesha, alimpa uji ukiwa bado unachemka. Ulimi uliungua tu. Wangeuacha bila kuuchoma sindano, Mzee Gaspard angetambua mara moja kuwa ni malengelenge ya moto.

Anselme akakohoa. "Nyama safi kabisa, dada. Tumpelekee Zélie kipande?"

"Usimtaje mwanangu," Léontine akasema, "na kisu umekishika. Sindano yako ilitosha."