Dawa ya Kupe kwa Kobe wa Mama

Macho ya mama yalipopungua nguvu, dada yangu alimchukua akaishi naye Moshi, kwenye nyumba isiyo na uwanja. Kobe wake, mama akanikabidhi mimi. Tangu baba afariki, huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa kuzungumza naye jikoni.

"Mtunze, baba," aliniambia. "Nikipata pa kukaa nitamfuata."

Nikamleta Kaloleni, kwenye chumba changu cha kupanga. Sakafu ya uani kwetu haikauki: wapangaji sita, bomba moja, kila siku kuna anayefua. Masika ilipokolea, kobe akatokwa na mabaka meupe shingoni na miguuni, ngozi ikawa inamenyeka kama ya kiazi kilichochemshwa. Akasusa hata mchicha.

Jirani yangu, mama mmoja muuza vitumbua, alimtazama akasema, "Kaka, hizo si fangasi kweli? Mwanangu alikuwa nazo kichwani."

Nikamcheka. Mimi niliyekulia zizini, nifundishwe magonjwa ya mifugo na muuza vitumbua! Kwetu Meru mnyama akiharibika ngozi haitwi mtu. Anaogeshwa dawa ya kupe. Nikanunua kichupa duka la pembejeo, nikachanganya kwa jicho kama alivyofanya baba, nikampaka mwili mzima kwa brashi ya viatu. Niliona fahari, nasema ukweli. Kuuliza si ujinga, tunawahubiria watoto, halafu sisi wenyewe hatuulizi.

Siku ya pili asubuhi nilimkuta shingo yote iko nje, mdomo wazi, hatikisiki. Bwana mifugo niliyemwita hakunifariji hata kidogo. Zilikuwa fangasi za unyevu, alisema, ila kilichomuua ni dawa yangu.

Jumapili baada ya ibada nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kobe wangu anakula?"

Nikamweleza yote.

"Mabaka meupe?" akauliza. "Hayo humtoka kila masika. Jua likichomoza namweka kwenye kichanja cha kahawa, siku nne tano yanakwisha." Akavuta pumzi. "Kwani hukuwa na salio?"

Nilikuwa nalo. Hata siku ile niliyompaka dawa tuliongea, mama na mimi, na nikamwambia kobe hajambo.