Article ya Sita ya Tantine Hélène

"Tantine, mutu akiwa anasema na banamukatiza, maneno yenye alikuwa hajasema inaenda wapi?"

Malika alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Alikuwa ameketi juu ya rundo la vitambaa vya buluu ndani ya kibanda cha ushonaji cha Hélène, aliyemwita tantine, yaani shangazi, kule Mangobo, Kisangani, akingoja sketi yake ya shule ipunguzwe kiuno. Asubuhi ile mwalimu alikuwa amemkatiza katikati ya jibu, na jambo hilo lilimkera mpaka saa ya kula. Kwake lilikuwa swali kama maswali yake yote. Jana yake alitaka kujua kwa nini mvua inasikika juu ya mabati ya jirani kabla ya kufika kwao.

Hélène alikuwa ameshika pini kwa midomo. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake, kisha akainama juu ya cherehani kana kwamba uzi umekatika. Haukukatika.

"Niletee ile mukasi," akasema. Hilo ndilo jibu alilotoa.

Nusu ya watoto wa Mangobo walivaa kazi ya mikono yake: blauzi nyeupe, sketi ya buluu, suruali ya mtoto wa kwanza inayokunjwa chini ili ije imfae wa pili. Lakini watu walimpenda kwa jambo lingine. Hélène hakumkatiza mtu. Mteja angekuja na kola iliyochanika, aanze na kola, apitie kwa mume, afike mpaka kwa mama mkwe aliyezikwa zamani, na Hélène angesikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukiwa umetulia juu ya kanyagio la cherehani. Hata mlevi alipewa nafasi ya kumaliza.

"Hélène," Yusufu alikuwa akimtania, yule mwendesha baiskeli ya kubeba watu aliyekuwa akipumzika kivulini mwa kibanda, "uyu maman ataongea mpaka nguo ipitwe na mode!"

"Mwache amalize, Yusufu."

"Bon. Mi nitalala. Akimaliza, muniamushe, kama ningali muzima."

Watu walicheka, wakasema Hélène amelelewa vizuri. Yeye alijua kwamba malezi hayakuhusika. Kila mtu alipofungua mdomo mbele yake, Hélène aliogopa kumkatiza.

Zamani, alipokuwa mwanafunzi, Hélène alikuwa rais wa kamati ya wanafunzi ya shule yake, na kamati za shule za mjini na za kandokando ya mto zilikata shauri kuungana ziwe na umoja mmoja wa mkoa. Umoja unahitaji statuts, yaani kanuni za kuuongoza: nani anachagua, nani anachaguliwa, nani anapewa neno. Mkutano wa kwanza wa kuandika kanuni hizo ulivunjika kwa kupiga madawati. Watoto wa mjini walitaka Kiswahili. Watoto wa mto, wa Yanonge na Isangi, walitaka Kilingala. Kila upande uliapa kwamba ule mwingine unawasengenya mbele ya macho yao.

Hélène ndiye aliyepata dawa. Baba yake alikuwa mtu wa Isangi, mama yake mzaliwa wa Mangobo; nyumbani lugha zote mbili zilikula sahani moja. Akasimama, akasema, "Tutumie Kifaransa. Haiko luga ya baba ya mutu yeyote humu ndani. Hakuna mwenye atajivuna."

Wakapiga makofi. Ikawa article ya sita, yaani kifungu cha sita cha kanuni. Na kwa kuwa alijua wenzake ni wakaidi, akaongeza kipande kwa akili yake mwenyewe: atakayesema lugha nyingine atanyang'anywa neno mpaka kikao kiishe. Kwa kipande hicho alipigiwa makofi mengi zaidi. Mkuu mmoja wa shule alimshika mkono, akamwambia atafika mbali. Akachaguliwa kuwa rais wa Umoja mzima.

Kikao kilichofuata, ajenda ilipokwisha, Hélène aliuliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Mvulana mmoja akainua kidole. Aliitwa Édouard, mjumbe wa shule moja ya chini ya Yanonge. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, shati lake jeupe lina alama ya maji kifuani.

"Camarade présidente," akaanza, "nous... chez nous..." Sisi... kwetu... Akatafuta. Macho yake yakapanda darini, yakashuka. Kifaransa hakikuja. Ndipo akakimbilia lugha iliyokuwa karibu: "Bwato ya bana..."

Mtumbwi wa watoto. Hélène alielewa kila neno. Ilikuwa lugha ya baba yake. Lakini wajumbe wote walikuwa wakimtazama yeye, waone kama sheria yake ina meno. Akagonga meza kwa rula.

"Camarade Édouard, article six."

"Rudi kwanza shule ya primaire, ndeko!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Édouard alibaki amesimama kidogo, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alikotoka. Kisha akaketi.

Walipotoka nje, Hélène alimwona kwenye bomba, peke yake, akinawa uso kwa muda mrefu. Akataka kwenda kumuuliza: ndeko, mtumbwi umefanya nini? Ilikuwa hatua chache tu. Lakini watu walikuwa wamemzunguka wakimpongeza kwa kuongoza vizuri, na alikuwa na umri ule ambao sifa ni tamu kuliko sukari. Alipogeuka tena, pale bombani hapakuwa na mtu.

Mvua kubwa za mwaka ule zilipofika, habari zikapanda mto: chini ya Yanonge, pirogi iliyokuwa ikivusha wanafunzi kutoka shule ilijaa maji katikati. Wengi waliokolewa. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza hakuonekana tena.

Hakuna aliyemlaumu Hélène. Nani angemlaumu? Hakuna aliyejua Édouard alitaka kusema nini, na Hélène mwenyewe hakujua. Pengine alitaka kusema mtumbwi unavuja, mje muone. Pengine alitaka jambo jingine kabisa. Kila alipojaribu kumalizia sentensi ile kichwani, ilimalizika vibaya. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba sheria yake ilizidi kusifiwa. Miaka ilipita, marais wakabadilika, lakini mabishano ya lugha hayakurudi, na wanafunzi wakaipa jina: article Hélène. Watoto aliowashonea nguo walilitaja jina hilo mbele yake, wakitabasamu, wakidhani wanamfurahisha.

Édouard naye alikua, akaja Kisangani, akawa muuza samaki beach, pale pirogi za mtoni zinaposhusha mizigo. Hélène alipojua hivyo, aliacha kwenda beach. Akitaka samaki, alimtuma Yusufu.

Sasa Malika yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na ndiye rais wa Umoja. Siku moja aliingia kibandani mbio, kitambaa chake cha kichwa kimeteleza shingoni.

"Tantine! Banataka kutosha article yako, kuiondoa kabisa!"

"Nani?"

"Shule za ku mto. Eti inabafunga kinywa. Alors mi nimeandika jina yako katika balioalikwa. Utakuja, utasema kama mwanzilishi. Wewe ukisema, itabaki."

Hélène alilaza kitambaa taratibu. "Nitakuja," akasema, na Malika akaruka kwa furaha, asione jinsi uso wa tantine wake ulivyobadilika. Maana Hélène alikuwa ameamua papo hapo: angekwenda, na angesema iondolewe. Kama mtu yeyote alikuwa na haki ya kuivunja sheria ile, ni yule aliyeitunga. Na wangemsikiliza. Wiki nzima alishona huku midomo ikicheza, akipanga maneno yake kwa Kifaransa kizuri cha shule.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule moja ya Kabondo. Malika aliketi mbele, mgongo umenyooka, blauzi aliyoshonewa na Hélène imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alimtambulisha mgeni kwa Kifaransa cha heshima, na watu wakasimama kumpigia makofi mama wa article ya sita.

Hélène akafika mbele. Akawatazama. Kwenye dawati la tatu palikuwa na mvulana kutoka Isangi aliyeinamisha kichwa, midomo yake ikicheza bila sauti. Hélène aliijua kazi ile. Alikuwa ameifanya wiki nzima. Mtoto yule alikuwa akijifunza Kifaransa chake kwa moyo, kisimkimbie atakapopewa neno. Hapo maneno yote ambayo Hélène aliyapanga yakamwondoka, na yakaja mengine, ya baba yake.

"Bandeko," akasema, "nalingi kosenga bino..."

Ndugu zangu, nataka kuwaomba. Hakufika mbele zaidi. Rula iligonga meza.

"Maman Hélène, pardon," alisema Malika, macho yanametameta. "Article six."

Ukumbi ukalipuka. Walipiga makofi, walipiga madawati, wengine walisimama juu ya viti. Sheria isiyomhurumia hata mama yake! Sheria gani ingekuwa ya haki kuliko hiyo? Hélène alibaki mbele yao mdomo wazi. Alitazama upande wa Malika, naye Malika akamkonyeza.

Akaketi. Hakuruhusiwa tena kusema mpaka kikao kiishe. Ndivyo alivyoandika mwenyewe. Kutoka kwenye kiti chake aliona mikono ikiinuliwa, msitu wa mikono, kuibakiza article ya sita. Mvulana wa Isangi alipewa neno karibu na mwisho. Alisema kwamba yuko sawa, hana neno.

Asubuhi iliyofuata Hélène hakumtuma Yusufu. Alikwenda beach kwa miguu yake.

Édouard alikuwa mnene sasa, mwenye upara, amezungukwa na vikapu vya samaki wa moshi. Alimtambua kutoka mbali.

"Présidente!" akapaza sauti. "Eh! Leo umekumbuka raia zako? Njoo, njoo. Uyu samaki ngolo nilimuchunga kwa ajili yako tangu tuko vijana!"

Wauzaji wa kando wakacheka. Hélène naye alijaribu kucheka, ikashindikana.

"Édouard, unakumbuka siku ile nilikukatiza?"

"Ile ya Kifaransa?" Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Acha, dada. Kosa lilikuwa langu. Mutu anaenda mukutano ya Kifaransa bila Kifaransa! Watoto yangu nabaambia kila siku: mujifunze, musiwe kama baba yenu."

Alisema hivyo bila kinyongo hata kidogo, huku akichagua samaki mkubwa wa kumfungia. Kama Hélène angetukanwa, angejua la kufanya.

"Ulitaka kusema nini?" akauliza.

Édouard akasimama, samaki mkononi, akafikiri.

Malika alifika kibandani jioni, bado akiwa na furaha ya jana.

"Tantine! Uliniona? Ulinitega, weee! Mi nikajisemea, tantine anajua Kifaransa kuliko proviseur wa shule yetu, juu ya nini aseme Lingala? Kumbe anataka kuona kama nitaogopa. Sikuogopa!"

Hélène alisimamisha cherehani. "Sikukutega, Malika."

"Bon, sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilitaka kubaomba batoshe ile article."

Tabasamu la Malika likabaki usoni kwa muda, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, kisha likaondoka. Aliketi juu ya rundo la vitambaa. Hélène akamweleza yote: baba yake wa Isangi, kile kipande cha sheria alichokiongeza, Édouard, yale ya bombani, pirogi iliyojaa maji. Malika alisikiliza bila swali hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Alors nimefanya sawa vile ulifanya wewe," akasema mwishowe kwa sauti ndogo. "Na uyu wa Isangi... alisema hana neno. Nilimushukuru, tantine. Nilimushukuru juu alituharakisha."

Hélène hakumwambia kwamba si kosa lake. Alitamani, lakini maneno hayo watu walikuwa wamemwambia yeye kwa miaka mingi, kwa makofi, na hayakumsaidia.

"Wakati ulikuwa mudogo uliniuliza kitu," akasema. "Mutu akikatizwa, maneno yenye hajasema inaenda wapi. Sikukujibu, maana nilizani niko nayo mimi. Miaka yote nilizani ninaichunga, na siku moja nitaenda kumurudishia mwenyewe." Akapitisha kidole juu ya mshono uliokwisha. "Leo nimetoka kumuuliza. Haiko kwangu, Malika. Na kwake haiko. Alisimama pale na samaki mukononi, akatafuta, akatafuta, akaniambia amesahau. Anakumbuka tu vile batu balicheka."