Pumzi ya Injini

Kabla ya kukabidhiwa gari lile nilikuwa dereva wa lori la Chunya, na sikutaka mtu anifundishe mteremko. Tajiri wangu wa Mbeya alilileta jeusi, la Kiingereza, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao inayong'aa mpaka unajiona meno. Alinipa ufunguo na onyo moja: "Hili si lori." Nikacheka moyoni.

Asubuhi moja, yeye akiwa safarini, ikaja simu kwa mkewe. Baba yake amefariki Iringa, mtaa wa Mlandege. Wanazika baada ya alasiri. Bimkubwa akapanda nyuma na buibui lake. "Niwahishe, mwanangu, nikamwone uso." Kwao wanawake hawaendi makaburini. Jeneza likishatoka nyumbani, basi.

Nikalikanyaga. Barabara ya vumbi ilikuwa na mawimbi kama bati, na lori pale hukutikisa mpaka mbavu. Gari hili, mshale ulipovuka maili hamsini, lilitulia likapita juu kwa juu. Igawa niliipita bila kujaza petroli, eti naokoa muda. Tulipofika kwenye mteremko wa Ruaha Mdogo, mji wa Iringa ukiwa ng'ambo, mshale wa petroli ulikuwa umelala. Nikafanya tulichofanya sote wa malori: nikatoa gia, nikazima injini, nikaliachia.

Kona ya kwanza breki iliitika. Ya pili, breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikakanyaga kwa miguu miwili, nikavuta na ya mkono, gari likazidi kushuka na daraja jembamba linakuja. Niliogopa, sioni haya kusema. Wala hapakuwa na utingo wa kuruka na gogo aliweke chini ya tairi.

"Mbona kimya?" bimkubwa akauliza. "Umelizima? Hebu liwashe!"

Nikawasha. Breki ikalainika, tukasimama mdomoni mwa daraja. Baadaye fundi alinieleza kwamba breki zile zilisaidiwa na pumzi ya injini; ukizima, unabaki na mguu wako tu.

Lakini pale darajani sikuliondoa gari. Nilishuka nikakaa chini, kando ya barabara, injini ikiunguruma.

"Twende, mwanangu."

"Dakika moja, bimkubwa."

Hazikuwa moja. Nimezijutia zote.

Jeneza tulikutana nalo Mlandege, nyumba chache tu kutoka kwao. Wanaume walikuwa wakipokezana mabega, mwendo wa haraka kama inavyopasa maiti. Nikasogea pembeni. Kitambaa cha kijani kilipita karibu kabisa na kioo cha bimkubwa, naye akaweka kiganja kwenye kioo mpaka mtu wa mwisho alipopita. Mimi nilikuwa sijathubutu kugusa ufunguo tangu darajani.

"Sasa zima," akaniambia.