Mbuzi Tuliyemla Siku ya Kesi

Mimi ndiye niliyemshtaki mume wangu, na mimi ndiye niliyehangaika kumtoa. Waliotaka kucheka walicheka, wakashiba.

Alinipiga nyumbani kwetu Wanyange, nje ya Jinja, alikokuwa akiuza dagaa. Akanipasua mdomo. Haikuwa mara ya kwanza, lakini siku hiyo hasira zilinipanda, nikaenda polisi damu ikichuruzika. Afande akaniuliza, "Mama, una hakika alikupiga?" Nikamjibu, "Afande, unataka nikuletee na meno?" Wakamkamata, wakampeleka kortini, akatoka kwa dhamana. Mimi nikafunga virago, nikachukua watoto, nikarudi kwa baba yangu Namakwekwe, kule Mbale, mbali na Jinja.

Kwetu, mke akikimbilia kwao hachukuliwi hivi hivi. Mume anakuja na wazee wake, na mbuzi, na jogoo wa shemeji. Anakalishwa chini, anasemwa mpaka jasho limtoke, anaomba msamaha, kisha mbuzi analiwa. Mbuzi akishaliwa maneno yamekwisha, na atakayeyafufua ndiye mwenye kosa.

Wazee wa pande zote wakapigiana simu, wakapanga siku. Ikawa siku ile ile aliyotakiwa kortini Jinja. Mume wangu aliwakumbusha, maskini. Mjomba wake akamkemea: "Uende kortini kufanya nini, na mwenye mashtaka ndiye huyu tunayekwenda kumchukua?" Baba yangu akaona ni maneno ya busara. Hata mimi. Tukamla mbuzi Mbale, shehe akaomba dua, mume wangu akalia mbele za watu. Nami nikalia. Wallahi nilimsamehe kwa moyo wangu wote. Kumbe huko Jinja jina lake liliitwa, asiitike mtu.

Hatujakaa hata wiki Wanyange, polisi hao. Walimkuta anaanika dagaa.

"Afande, nimeshamsamehe!" nikapiga kelele.

"Umemsamehe wewe, mama. Korti haijamsamehe."

Akafutiwa dhamana, akatupwa rumande. Nikaenda kwa mwendesha mashtaka kuondoa kesi yangu, nikidhani ni kama kurudisha kitenge dukani. Akaniambia kesi si yangu. Nilipoileta ikawa ya serikali, na mimi sasa ni shahidi tu. Shahidi! Mdomo wangu, damu yangu, mume wangu, halafu mimi ni shahidi?

Mama mkwe akahamia kwangu kuja kunililia. "Mwanangu, sema ulidanganya. Sema uliteleza ukaanguka." Nikarudi kuuliza, nikaambiwa nikisema nilidanganya polisi, nitashtakiwa mimi. Nikisema kweli anafungwa, nikisema uongo nafungwa, na watoto ni wale wale. Dagaa walinyeshewa wakaoza, maana sikuwa na nguvu ya kuwaanua. Nilikuwa nikiosha vyombo najikuta nimekaa chini, sufuria mapajani, sijui nilikuwa nafanya nini. Nilipokwenda kumwona gerezani, alikuwa amekonda hata kanzu ya Ijumaa ingemvuka yenyewe. Hakunisalimu. Alisema neno moja tu: "Nitoe."

Mwisho mwendesha mashtaka akanihurumia. Akasema kosa kama hili hakimu anaweza kulimaliza kwa mapatano, ila lazima aridhike kwamba mke amepatana kwa hiari yake, si kwa hofu. Nikamwambia, afande, hiyo ndogo.

Siku ilipofika, hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Kisoga changu, lugha ya huko Jinja, ni cha kununulia samaki tu, kwa hiyo nilisema Kiswahili, karani akatafsiri.

"Alikupiga?"

"Alinipiga." Nyuma yangu mama mkwe akaguna.

"Umemsamehe?"

"Nimemsamehe."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna."

"Unamwogopa?"

"Simwogopi hata kidogo!" nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, na nilikuwa naamini kila neno. Watu wakacheka. Hakimu naye akatabasamu, akashika kalamu.

"Basi, kabla sijaandika, mpeane mikono niwaone."

Askari akamfungulia mume wangu kizimba. Jamani, nilivyokuwa nimemkumbuka mtu yule! Akaja mbio mbio kwa furaha, meno yote nje, ameshainua mkono kunisalimia.

Nikajikunyata. Nikaziba uso kwa mikono yote miwili, kichwa nimekiinamisha mpaka kifuani.

Mume wangu akasimama pale pale, mkono wake ukiwa hewani. Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani, kisha hakimu akisema mshtakiwa arudishwe rumande, kesi itasikilizwa.

"Simwogopi!" nikalia. "Mheshimiwa, nakuapia, simwogopi!" Nililia hivyo mpaka wakamtoa, na mikono yangu ilikuwa bado usoni.