Mkutano Mkuu Ulipokuja Kashikishi

"Mukutano ya chama ikikuya huku, Kashikishi itakuwa sawa muji ya Elisabethville!" alituambia mwenye hoteli ya chai sokoni, akiandika bei mpya mlangoni kwa rangi nyeupe. Ubwali, ugali wa kwetu, na samaki vilikuwa vimepanda mara mbili.

Rangi haijakauka, wajumbe wakaingia. Wa kwanza akavua kofia, akapiga makofi ya heshima. "Shemeji! Hawa bote ni bandugu yangu ya chama."

Mwenye hoteli akaegemea mlango haraka, akaificha bei kwa mgongo. Shemeji utamlipisha vipi? Wakala bure mpaka mkutano ukaisha.

Siku ya kufunga mkutano, shemeji yule alihutubia: "Batu ya hapa banajua kupokea bageni. Mwaka kesho tunarudia hapa!"

Tukashangilia. Mwenye hoteli naye alipiga makofi. Faida yake yote ilikuwa imeganda mgongoni mwa koti.