Mijusi Wawili Ndani ya Debe Moja

Mpaka leo nikisikia kucha zikikwaruza bati, naacha kazi nikatazame. Sauti hiyo nimetoka nayo Ujiji, nilipokuwa mtoto wa kulelewa na bibi, msimu mmoja wa mvua ambao dagaa walikataa kukauka na nyumba nzima ikanuka samaki mbichi na moshi. Bibi alichukia mijusi kafiri. Akimwona mmoja ukutani huvua kandambili, anasema kumuua ni thawabu. Mimi niliwahurumia. Nikakamata wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, nikawaficha nyuma ya jiko ndani ya debe la mafuta ya taa, juu nimefunika kipande cha chandarua.

Mwanzoni nilimwogopa bibi tu. Halafu nikaanza kusikia ule mkwaruzo. Nikichungulia, mkubwa amesimama katikati, mkia unatikisika polepole kama wa paka anayewinda; mdogo amejibana kwenye kona. Nzi niliowatia aliwamaliza mkubwa peke yake. Nikaona hawajazoeana, basi. Na dawa yake niliijua, maana kwetu ilikuwa moja: watoto wakigombana, bibi aliwaketisha kwenye sinia moja, asiinuke mtu mpaka ugali uishe. Ndivyo alivyotufanyia mimi na binamu yangu Mwajuma, aliyenizidi umri na nguvu. "Kuleni, mpatane," anasema, kisha anageukia mambo yake. Mwajuma ananifinya, kucha zinaingia, ananinong'oneza, "Lia uone." Sikulia. Nilikuwa nauogopa wito wa chakula kuliko njaa yenyewe. Bibi alituona tumenyamaza, akaridhika.

Na mimi nikafanya vivyo hivyo. Nikaweka panzi kwenye kifuniko cha kopo, nikawasogeza mijusi wangu kwa kijiti mpaka wakaelekeana. "Kuleni, mpatane," nikawaambia. Mkubwa hata panzi hakumtazama. Alimrukia mdogo, akamng'ata ubavuni, wakabiringika, kucha zikalia kwenye bati. Mdogo akajaribu kupanda, debe lina utelezi wa mafuta, akarudi chini kule kule kwenye meno. Mkia ukakatika, ukabaki unacheza peke yake. Kutia mkono sikuthubutu. Nilipiga yowe kama ninayechinjwa.

Bibi alitoka mbio na mwiko. Nikajua wamekwisha, na mimi nimekwisha. Akalipiga debe teke, mkubwa akatokomea chini ya matofali. Mdogo hakwenda popote. Alilala kwenye mchanga, ubavu unapanda na kushuka.

"Nani kakwambia uwafungie pamoja?"

"Nilitaka wapatane, bibi. Kama mimi na Mwajuma."

Bibi akauweka mwiko chini. Kisha akanivuta, akapandisha mkono wa gauni langu, akaziona alama za kucha, mbichi na za zamani. Yule mjusi mdogo, bibi hakumgusa. Chakula changu cha jioni kilikuja kwenye bakuli langu, nikala nimeegemea goti lake.

Juzi nilikwenda Gungu kwa mjukuu wangu Rukia. Siku hizi anafuga mijusi wa kigeni wenye madoa kama chui, madume wawili, ndani ya sanduku moja la kioo lenye taa ya joto.

"Bibi, tazama wanavyopendana! Mmoja kamlalia mwenzake."

Nikainama. Wa chini mkia umekonda kwa njaa, macho kayafumba. Nikamwambia chai yake sinywi mpaka kila mmoja awe na sanduku lake, maji yake na pango lake la kujifichia.

"Bibi na wewe! Kwani unaogopa mijusi?"

"Naogopa. Watenganishe."

Akacheka, lakini aliwatenganisha. Watu wanasema zamani tulipendana kwa sababu tulikula sinia moja. Sibishani nao, mapenzi yalikuwepo. Ila pale sebuleni watoto wa Rukia walikuwa wamelizunguka sinia lao, wanakula kimya, kimya mno. Nikaenda nikakaa katikati yao, nikaanza na yule mdogo, nikampandisha mkono wa shati.